Chupa Iliyokauka

Vestina alikuwa mwenyekiti wa klabu ya walimu watarajiwa wa sayansi katika chuo kimoja cha ualimu mjini Njombe. Jumamosi hiyo alikwenda na nusu ya wenzake Makambako, kusafisha stoo ya maabara ya sekondari iliyokaa miaka bila mwalimu wa kemia. Baridi ilikuwa ya kupenya mifupa.

Nyuma ya rafu akaiona chupa. Lebo ilikuwa imeliwa na mende, yamebaki maneno mawili tu, na yalitosha. Ndani hamkuwa na maji hata tone. Unga wa njano uliganda mpaka shingoni, pale kifuniko kinapofungia.

"Mwalimu, tusiiguse. Ni asidi ya pikriki. Hutunzwa ikiwa na maji; ikikauka inaweza kulipuka, hata kwa kufungua kifuniko tu."

Mwalimu Kornelio, mlezi wa klabu, alicheka. Alishawaahidi viongozi wa chama cha walimu wa sayansi kwamba stoo ingekuwa tupu kabla ya saa sita. "Nimefundisha miaka ishirini na sita, binti. Lete tuimwage."

Akanyoosha mkono. Vestina akasimama kati yake na rafu.

"Unisamehe, Mwalimu. Sikupishi."

"Unajua nani anasaini ripoti yako ya mazoezi ya kufundisha?"

"Najua."

Aliwaambia wenzake watoke mmoja mmoja, taratibu, wasiburute kitu. Kornelio aliitazama chupa tena. Mwisho naye akatoka.

Wataalamu wa mabomu, walioitwa na Vestina kupitia polisi, walifika alasiri. Waliibeba kama mtoto mchanga, wakailipulia shimoni nyuma ya uwanja. Kishindo kilivunja vioo vya madarasa mawili. Kornelio aliketi kwenye majani.

Vestina alikuwa na leja ya stoo mapajani, akiifuata mistari kwa kidole. Kidole kikasimama.

"Mwalimu, zilipokelewa chupa mbili. Ya pili iliazimwa na sekondari ya Lupembe. Haikurudishwa."

Kornelio akainua uso. Wote wawili waliijua shule hiyo. Kundi la pili la klabu lilikuwa huko tangu asubuhi na Mikaeli, makamu wa Vestina, likisafisha stoo.

Kornelio akampigia Mikaeli. Simu ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, huku Vestina akikimbilia gari.

Waliposhika barabara ya Lupembe, simu ya Mikaeli bado ilikuwa ikiita, na hakuna aliyepokea.