Mlilana wa Mbele

Siku bahari ilipochukua kaburi la binti yake, fundi cherehani alikuwa kibandani, anapiga pindo la sare ya shule. Jirani akaja mbio, anahema.

"Shoga, acha hiyo cherehani. Ukingo umemeguka."

Walipofika mlangoni mwa mto, makaburi saba yalibaki matatu. La mtoto, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka sita, halikuwepo. Maji yalikuwa yametulia tuli, kama vile hayajafanya kitu.

Mumewe alifika baadaye. Mtaa mzima ulimwita Shoka, maana kwa miaka ishirini alikuwa akikata mikoko iliyoushika ukingo ule na kuiuza kama nguzo. Alisimama nyuma ya watu, hakusogea. Hakuna aliyemnyooshea kidole. Hapakuwa na haja.

Nyumbani mkewe alimwambia neno moja tu: "Umemfukua mwanangu." Tangu siku hiyo wakalala vyumba viwili.

Fundi akajiunga na akina mama waliokuwa wakipanda mikoko, wakiongozwa na mwalimu mstaafu. Kila maji yakitoka, walizama topeni hadi magotini, wakichomeka miche.

"Wewe fundi, hata tope unalipigia mstari!" walimtania, na yeye akacheka kidogo, cheko la mdomoni.

Miche ya mwaka wa kwanza ikafa yote. Ya mwaka wa pili ikafa vilevile.

"Penye nia pana njia," mwalimu alisema akikamua sketi yake. "Ila hapa naona pana utelezi tu."

Ndipo Shoka alipokuja. Wanawake wakampisha. Akavua viatu, akaingia topeni, akang'oa mche mmoja mkavu.

"Huu ni mkaka," alisema, akimtazama mwalimu, si mkewe. "Mkaka ni mkoko wa nyuma. Huku mbele, panapopigwa na mawimbi, palikuwa na mililana. Mbegu zake ndogo, lazima zioteshwe kwanza kitaluni."

"Umejuaje?" mwalimu aliuliza.

"Si niliikata mimi? Najua kila mmoja uliposimama."

Fundi alitamani kumrushia tope usoni. Badala yake akajisikia akiuliza, "Mbegu zipo wapi?"

"Ng'ambo umebaki mti mmoja. Ulipinda, haukufaa nguzo."

Wakaotesha, wakahamisha. Shoka alipanda pamoja nao kila maji yalipotoka, lakini upande wake peke yake. Mwaka wa tatu tangu kuihamisha, mililana ikafika kiunoni, kaa wakarudi, na ukingo ukaacha kumeguka.

Jioni moja jirani alipita kibandani. Kaburi la mama yake lilikuwa moja ya yale matatu.

"Nimetoka kulipalilia," alisema. "Bila nyinyi lingeshakwenda. Asanteni sana, wewe na baba watoto."

"Mungu amlaze mama pema," fundi alijibu. Alingoja hadi mgeni akaondoka, kisha akainamia meza ya cherehani, akalia.

Shoka alikuwa mlangoni, amesikia yote. Akavuta kigoda, akakaa mbali kidogo.

"Ningeomba msamaha," alisema, "ila sijui nianzie wapi."

"Usianze." Alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Wenzetu wana pa kupalilia. Mimi sina hata pa kuweka ua."

Shoka akafunika uso kwa viganja, naye akalia. Mkewe hakumgusa. Lakini pia hakumfukuza. Walikaa hivyo hadi giza likaingia, na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.