Msiro juu ya Prosesa

Fundi Shafii wa mtaa wa Chikongola, huku kusini, alikuwa ametengeneza redio kwa miaka ishirini na miwili, na hakuna redio iliyowahi kumpiga chenga. Ndiyo maana mwaka 2002 Laurinda, muuza dagaa ambaye mtaani humwita Mama Marlene, alipotumiwa vipande vya kompyuta kutoka Dar, kompyuta ya kuanzishia ofisi ya kuchapa barua, hakuona haja ya kumtafuta mtu mwingine. Shafii naye, sifa zikampanda kichwani, akasema kompyuta si chochote ila redio yenye kioo. Mungu amsamehe.

Kilichomponza ni prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Zile alizowahi kuziona zilikuwa na kifuniko cha chuma mgongoni, lakini hii ilikuwa uchi: katikati yake kijiwe cheusi kinachong'aa, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba, basi. Akaweka juu yake hitsinki, lile pande la alumini la kunyonya joto, akaikandamiza klipu kwa bisibisi kwa nguvu zilezile anazokazia transista za amplifaya. Kah! Alipowasha, harufu ya kuungua ilijaa duka kabla hajahesabu kumi. Kufungua, kijiwe kimemeguka ukingo mmoja.

Na hapo fundi wetu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya kwa redio. Alimwambia Laurinda kwamba prosesa imekuja mbovu, kisha akaitupia kwenye kopo lake la skrubu. Laurinda akampigia simu mdogo wake Americo kule Dar, Americo akamwendea muuzaji, bwana mmoja aitwaye Paulo, akamwita tapeli mbele ya wateja wake. Paulo alitoa nyingine ili yaishe, ila akaapa kuwa hatawauzia tena hata waya. Hiyo ya pili ilikaa siku tatu kwenye basi, maana masika yalikuwa yameila barabara.

Sasa ilikuwa mezani, asubuhi, na Laurinda amevuta kigoda, hataki kuondoka. Alisema wazi kwamba hii ikifa, ofisi imekufa nayo, atarudi kuuza dagaa. Shafii alikuwa anaogopa, lakini zaidi ya hofu alikuwa na swali lililokuwa likimwasha kwa wiki mbili nzima: kwa nini ukingo mmoja tu? Kama ni nguvu zake, si kingepasuka kijiwe chote?

Alitaka kupaka ile dawa nyeupe ya kupitisha joto, ambayo ilikuwa imebaki tone moja kwenye tyubu. Laurinda alipoiona alicheka. Usoni alikuwa amejipaka msiro, mti wanaousaga juu ya jiwe kwa maji, kama wafanyavyo wanawake wa kwao ng'ambo ya mto Ruvuma, akauliza kumbe na mashine nazo hujiremba.

"Mimi kabla sijajipaka wote, napaka kidogo nione umekolea wapi," alisema. "Wewe utajuaje hilo pande limegusa wapi?"

Shafii aliiweka tyubu chini. Jamani, miaka ishirini na miwili ya ufundi, na swali lenyewe linatoka kwenye kigoda! Akamwomba msiro. Laurinda alitoa kopo lake mkobani, akapaka kijiwe kwa ncha ya kidole, utando mwembamba kabisa. Shafii akaishusha hitsinki polepole, imeelekea kulekule ilikoelekea siku ile, bila kufunga klipu, akainyanyua.

Tumboni mwa alumini palikuwa na mstari mmoja mweupe, wa upande mmoja. Kwingine kote pakavu. Shafii aliigeuza mkononi, akaipapasa, na kidole chake kikakuta upande mmoja wa tumbo hilo la alumini umechongwa ngazi. Soketi, kile kitako cha prosesa, nayo ilikuwa na upande mmoja ulionyanyuka. Alikuwa ameiweka kinyume, ikakaa upogo, na uzito wote ukakielemea kile kijiwe maskini ukingoni. Furaha ilimpanda mpaka akasahau kuwa hayuko peke yake, akaanza kueleza, anaonyesha kwa vidole.

Laurinda alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema anataka kuiona ile mbovu.

Shafii alichakura kopo la skrubu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Laurinda aliilaza ya zamani kando ya mpya. Palipomeguka kwenye ya zamani na palipobanduka msiro kwenye mpya palikuwa ni mahali palepale.

"Ilikuja nzima," alisema Laurinda.

"Ilikuja nzima, Mama Marlene. Nimeiua mimi, na nikakudanganya." Aibu ilimchoma mpaka masikioni.

Laurinda hakumgombeza, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Alimwambia afanye kazi. Shafii akafuta msiro, akaacha pakauke, akapaka lile tone, akageuza hitsinki ngazi kwa ngazi, akafunga klipu taratibu. Aliwasha. Feni ikazunguka, kioo kikawaka, na baada ya saa nzima alumini ilikuwa na joto la chupa ya uji, wala si zaidi.

Laurinda akavuta kibodi kwake, akaketi wima kama mwenye ofisi.

"Nipe barua ya kwanza," alisema. "Wewe ndiye mteja."

Shafii akaanza kumtajia, neno kwa neno, naye akichapa kwa kidole kimoja: Kwa Ndugu Paulo, Dar es Salaam. Prosesa uliyotuuzia ilikuwa nzima.