Mafundi Walioketi Bila Kuitwa

Siku hiyo kompyuta ya darasani ilinishinda tangu asubuhi. Nilikuwa natengeneza tovuti ya kina mama kuona siku za kliniki, na Mwalimu Mbwiga alisema kalenda nisiiunde mwenyewe: ipo iliyoundwa na wengine, mtu huichukua akaitumia kwenye tovuti yake. Niliichukua, ikaingia, lakini ukurasa ukabaki mweupe. Mwalimu akasema, "Kesho ukurasa usipofunguka, Zuhena, nafasi yako nampa mwingine." Mimi niliyeishia darasa la tano sikuwa na pengine pa kwenda. Nilijitupa kitandani kabla ya magharibi, usingizi ukanichukua.

Nikajiona kwenye nchi ya vumbi jeupe, nyumba yangu imesimama tupu, na nje kina mama wamepakata watoto, wananitazama. Mwanamke mwembamba aitwaye Subira akanishika mkono, akanipeleka kwa mafundi wanaojenga nyumba za watu wote. Fundi niliyemtaka, wa kalenda, akasema, "Siendi bila kaka yangu." Kaka naye hakwenda bila shemeji, na shemeji alimtaka baba yake, tena yeye mwenyewe, si mdogo wake aliyerithi kazi juzi. Kijana mmoja aitwaye Haraka alitupita akicheka. "Dada wee, kalenda tu, umeolewa na ukoo mzima?"

Tulirudi nao wote. Wakaketi sakafuni, mikono mapajani, hata nyundo hawakuigusa.

"Mbona hawafanyi kazi?" nikauliza.

"Kuwaleta ni jambo moja, mwanangu," akasema Subira. "Mgeni hashiki jembe mpaka mwenyeji amtaje jina. Simama uwaite, mmoja mmoja, kwa sauti."

Nikafumbua kinywa. Mwanamke mwingine aitwaye Haya, aliyekuwa akinifuata kimya njia nzima, akaniziba mdomo kwa upindo wa kanga yake. "Ukikosea jina watakucheka," akaninong'oneza, kwa upole kama mama. Subira alingoja. Mafundi walingoja. Kina mama wakaanza kuwabeba watoto mgongoni na kuondoka, vumbi likawameza, nami sikuita.

Nilizinduka usingizini, nikaelewa: kalenda nilikuwa nimeiweka, ila hakuna mahali kwenye ukurasa nilipoiita. Asubuhi nikaandika mstari wa kuiita. Ukurasa ukabaki mweupe. Kati ya vipande ambavyo kalenda ilivitegemea, lilibaki jina la kimoja nisilolijua, na Mwalimu alilijua.

Akaja akasimama nyuma ya kiti changu. "Una swali, Zuhena?"

"Hapana, Mwalimu," nikasema, naye akamwita binti aliyekuwa akingoja barazani.