Sahani ya Anselme

"Rudisha ulichokula!"

"Nirudishe namna gani, mama? Nitapike?"

"Tapika! Nani alikuambia ile sahani ni yako?"

"Nimepiga hodi mpaka mkono ukauma. Nikazunguka huku nyuma, nikakuta chakula kimefunikwa na jani la mgomba. Miye nimetoka kambi ya Nakivale na njaa mingi. Nikasema, aa, hawa batu banajua kupokea mugeni."

Mama Cansilde alikuwa katoka misa sasa hivi, rozari bado mkononi. Akaisogelea sahani. Kijana alikuwa amemaliza ndizi na maharage yote, ila mboga za lengalenga kazisukuma pembeni, hakubakiza hata moja katikati. Mama akaziangalia zile lengalenga, kisha akamwangalia kijana usoni.

"Unaitwa nani?"

"Kwizera, mutoto wa Anselme. Weye uko shangazi yangu."

Hilo ndilo lililomleta hapa Nyamityobora, mtaa wa Mbarara. Kule kambini kila mtu ana watu wa kuwataja, babu fulani, mlima fulani. Yeye alikuwa na jina lake na la baba, basi. Mtumbwi aliopanda na baba ulipopinduka mtoni Kikagate, yeye akiwa mdogo, Mkongomani mmoja, mama Eugénie, alimwokota kwenye matete akamlea kama wake, na Kirundi cha baba yake hajui hata cha kuombea maji. Mama Eugénie kafa mwaka huu. Nyumba ikawa kimya mpaka inatisha. Halafu Pontien muuza samaki akamwambia, Mbarara kuna mama ana kaka aliyezama Kikagate, anaitwa Anselme, nenda kamwone. Akaja. Alitaka mtu mmoja tu amwambie, ndiyo, wewe ni wetu.

"Kwizera alizama na baba yake," mama akasema.

"Sikuzama. Niangalie."

"Nakuangalia. Hiyo ndiyo shida."

"Shangazi, muzimu gani anaongea Kiswahili cha Bukavu?" Akacheka. Alicheka peke yake.

"Miili hatukuipata," mama akasema, sauti chini. "Mwaka uleule nikazika watoto wangu wawili. Wazee wakasema Anselme ana njaa huko aliko. Tukanywa pombe ya kumaliza matanga, yake na yako. Toka hapo, kila mwaka siku hii ikifika, naweka chakula hapa. Na hajafa tena mtoto ndani ya nyumba hii." Akanyoosha kidole kwenye lengalenga. "Anselme naye alikuwa anaziacha hivyohivyo."

Kwizera akasogea mbali na sahani.

"Na kikombe mbona hukukigusa?"

Pembeni ya ukuta kulikuwa na kikombe kidogo cha plastiki, maziwa yameshika utando, sisimizi anazunguka ukingoni.

"Niliona ni cha mutoto."

"Ni chako."

Ndani ya nyumba kichanga kikalia. Mama akarudi nyuma haraka, akasimama mlangoni, akauziba mlango wote kwa mwili wake.

"Shangazi, nipe mukono tu. Utasikia damu ni ya moto."

Mama akaificha mikono ndani ya kitenge. Machozi yalikuwa yanamtoka, hakuyafuta.

"Babu yako ni Ntahombaye," akasema. "Mtu wa Giteranyi, kule nyumbani. Bibi yako ni Pascaline, alikuwa anacheka kama wewe. Umekula. Sasa kunywa kilicho chako, uende kwa amani, uwaache watoto wangu."

Majina yote aliyoyatafuta, kapewa. Ila mama aliyasema akiangalia chini, kama mtu anayeongea na kaburi.

Kwizera akachukua kikombe. Kilienea ndani ya ngumi yake. Maziwa yalikuwa yameshaanza kuchacha. Akayanywa mpaka mwisho, akakirudisha palepale alipokikuta.

"Mwaka ujao nitaviweka hapohapo," mama akasema. "Usipige hodi."

Kwizera akafuta mdomo.

"Basi lengalenga usiweke."

Akageuka, akaondoka.