Hesabu ya Matone Mekundu

Bosi aliingia maabara na ripoti yangu mkononi, akaitupa juu ya meza. Alikuwa amezungushia kalamu mstari mmoja tu, ule unaosema kipimo kikubwa kinaongeza mafuta.

"Dada, hii futa. Umekosea kuhesabu."

Sikukosea. Mwaka wa kumi na moja huu nakuza seli za ini kwenye visahani, nazilisha, nazitia rangi, nahesabu matone mekundu ya mafuta kwenye hadubini hadi shingo inakakamaa. Safari hii tulizipa asidi amino ileile ambayo kampuni yetu inauza kama unga wa kusafisha ini. Ikiwa kidogo, seli ziliyachoma mafuta vizuri, sikatai. Ikiwa nyingi, sawa na vile vijiko vitatu vinavyosifiwa kwenye kopo, mafuta yalijaa hadi pomoni. Na shangazi yangu, mwenye ini lenye mafuta, anakunywa vijiko vitatu kila asubuhi, huku akiwatambia majirani kwamba mimi mwanawe ndiye ninayeipima dawa. Niandike uongo ili aongeze cha nne? Thubutu!

"Ulijua kisahani gani kina nini," bosi akasema. "Macho yako yaliona yalichotaka."

Hapo alinigusa pabaya. Visahani vilikuwa sita: viwili bila unga, viwili vya kipimo kidogo, viwili vya kikubwa. Nilifunika maandishi yote kwa plasta, nikamwomba mama wa usafi avichanganye sisi tukiwa tumegeuka, kisha nikamvutia bosi kiti.

"Kaa, uhesabu mwenyewe."

"Mimi?"

"Si umesema mimi sijui?"

Akakaa amenuna. Akahesabu dakika arobaini nzima. Aliandika tarakimu zake kwa mkono wake, akisonya. Nilibandua plasta ya visahani viwili alivyovipa namba kubwa kuliko zote. Vyote viwili vilikuwa vya kipimo kikubwa.

"Rudia jaribio zima," alisema kwa sauti ya chini.

"Nitarudia hata mara kumi. Lakini hii ya leo tia saini."

"Unajua naweza kukufukuza?"

"Nifukuze. Huo mwandiko utabaki kuwa wako."

Sikungoja aamue. Nikatoa simu, nikampigia shangazi palepale mbele yake.

"Shangazi, ule unga acha kabisa mpaka umwone daktari wako."

"He! Nani kasema?"

"Bosi wangu. Amehesabu mwenyewe."