Kamera Inayochelewa

Mimi nina mdomo, nakubali, na hasira zangu ziko karibu. Kwa hiyo habari hii ya kamera mbili naianza na kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana nawasingizia wenye duka au mashine zao.

Kazi yangu ni kupiga picha za pasipoti na vitambulisho. Studio ni chumba kimoja tu: ukuta mweupe, kiti kisicho na mgongo, taa mbili, na kamera ya tajiri iliyofungwa kwenye stendi kwa nati, isije ikatoka hata nje ya mlango. Kwa miaka zaidi ya ishirini nimekuwa nikisema maneno yale yale kutwa nzima: kaa wima, masikio yaonekane, funga mdomo, usicheke. Watu wazima na heshima zao wananitii bila kuhoji. Nimewafunga midomo wanajeshi, maharusi, na mchekeshaji mmoja ambaye ilibidi nimpige mara tisa.

Mama alikuja studio mara ya kwanza alipotaka kitambulisho kipya. Mama ana mwanya mpana mbele, na akicheka kichwa kinamlalia upande wa kushoto na kiganja kinakwenda kifuani, utafikiri anazuia kitu kisidondoke. Siku ile alikaa kitini, akanitazama nilivyojishikisha na kazi, akacheka. Picha ikakataliwa ofisini. Akarudi, nikampiga tena, akacheka tena, wakaikataa tena. Foleni mbili za kutwa nzima, juani, na magoti yale. Mara ya tatu nilimfokea mbele ya wateja. Nilimwambia, "Mama, hapa si mahali pa kuonyesha meno."

Akafunga mdomo. Tangu hapo kamera yoyote ikimwelekea, iwe ya harusi, iwe ya mgeni anayepita, mama anakaa wima na kufunga mdomo.

Wala sikuona ubaya wake. Niliuona miaka mingi baadaye, kaka alipopiga simu kusema nyumba yake imekwisha na zamu yake imefika. Baba alipofariki tulikubaliana kwamba mama atakaa kwangu hadi kaka amalize kujenga, kisha ahamie kwake, na kwake ni safari ya siku mbili kwa basi. Mama alikuwa na miaka sabini na minane. Safari ya kwenda angeiweza. Ya kurudi, nilijua moyoni, na kaka alijua, na hakuna aliyetamka.

Usiniulize kwa nini nilikwenda kutoa bahasha ya picha zake. Nilizikuta sita, zote kazi ya mkono wangu. Masikio nje, mdomo umefungwa, ukuta mweupe nyuma. Ukimtazama mle ndani utadhani mwanamke yule hajawahi kuchekeshwa tangu azaliwe. Nikakaa kitandani nikashika tama. Nilishikwa na hamu ya mama yangu naye yuko chumba cha pili anakohoa. Nilitaka picha yake moja tu akicheka, kabla hajapanda basi, na nilikuwa na wiki tatu. Simu zetu miaka ile zilikuwa za kupigia na kupokelea, basi.

Akiba yangu ilitosha kamera moja. Nikaenda kwa muuza kamera ambaye mtaa mzima unamwita Bwana Lenzi, kwa kuwa akianza habari za lenzi hamalizi. Akanitolea mbili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, ya dijitali, inaingia mfuko wa aproni na nafasi inabaki. Ya pili ilikuwa kubwa, ile wanayoiita DSLR, nyeusi, ina mkanda wa shingoni na lenzi ya kuchomoa. Alisema hiyo ni ya wanaoanza. Nikamuuliza kama miaka kumi na tisa ya kazi ndiyo kuanza, akacheka, akaniomba radhi, akasema ndivyo kiwanda kinavyoiita.

Nilimweleza shida yangu yote, maana sioni aibu kwa mtu wa fani. Akajikuna kidevu. Kubwa, alisema, unabonyeza na picha imeshaingia, haikosi hata kope likipepesa, ila ni pande la mashine na inalia kacha! kila ikipiga. Ndogo hakuna atakayeiona, lakini ina ugonjwa wake: ukibonyeza inafikiri kwanza. Inatafuta, inajipanga, na ndani ya nyumba inakawia zaidi, ndipo inapiga. "Kicheko hakisubiri, dada," aliniambia. Mwisho akakubali nizijaribu kwa zamu, mradi nimwachie kitambulisho changu. Nikamwachia. Kina picha niliyojipiga mwenyewe, na unajua mdomo wangu ulivyo mle.

Nikaanza na kubwa, kwa kiburi cha kazi. Nilimkuta mama uani akichambua mchele pamoja na jirani yetu Mama Vifungo, fundi cherehani, mwanamke ambaye akikusimulia hata habari ya msiba utavunjika mbavu. Mama aliponiona na ile kamera akaweka ungo chini. Akaingia ndani, akarudi amevaa blauzi yenye kola, akabandua kalenda kwenye ukuta wa baraza ili pabaki peupe, akavuta kigoda, akakaa. Akaniuliza kama masikio yanaonekana na kama avue miwani. Mama Vifungo alicheka hadi akashika ukuta. Mama hakucheka.

Nikajaribu kujificha. Nilisimama nyuma ya pazia la dirisha na lile pande la mashine, jasho likinitoka, nikimsubiri Mama Vifungo afike kwenye utamu wa hadithi. Sijui mama alihisi nini. Alitazama dirishani na mdomo ukafungwa kabla kidole changu hakijashuka. Siku ya nne nilichoka, nikaenda kubadilisha.

Ile ndogo niliificha kwenye mfuko wa aproni, nikajifanya hamnazo, napita na sufuria, napita na ndoo. Mama Vifungo alikuwa anasimulia habari ya mteja aliyeleta suruali ipunguzwe kiuno, kisha akarudi wiki ya pili na tumbo lake kutaka kiuno kile kile kirudishwe. Mama akaanguka kicheko. Kichwa kushoto, kiganja kifuani, mwanya wote nje. Nikatoa kamera, nikabonyeza.

Ikafikiri.

Mungu anisamehe maneno niliyoyasema siku ile juu ya kifaa kisicho na masikio. Ilipopiga, mama alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya nguo, mdomo umeshatulia. Nikabonyeza tena, nikapata kiwiko cha Mama Vifungo. Nikajaribu Jumatano, nikajaribu Ijumaa, nikajaribu wiki iliyofuata. Nilikusanya picha kumi na moja za mama aliyetoka kucheka sasa hivi. Nilizitazama moja moja kwenye kile kioo cha nyuma hadi macho yakauma. Roho iliniuma kwa sababu kicheko kilikuwa pale pale, kimepita nusu tu ya pumzi.

Ikabaki siku moja. Bwana Lenzi alinionea huruma, akanipa zote mbili, akasema Jumatatu nimrudishie nisiyoitaka. Ijumaa ile niliomba ruhusa nikatoka kazini saa nane. Mizigo ya mama ilikuwa imeshafungwa, mabegi mawili na mfuko wa dawa, imepangwa karibu na mlango. Yeye alikuwa amekaa kitandani mwake. Nikaona heri nimweleze ukweli.

Nilimwambia nataka kumpiga picha. Akaniuliza ni ya ofisi gani, kwani huko kwa kaka nako wanataka picha? Nikamwambia si ya ofisi, ni yangu mimi.

"Yako ya nini," akasema, "na mimi nipo hapa?"

Macho yangu yakakimbilia mlangoni. Akageuka naye akayatazama mabegi pale mlangoni, na nikaona ameelewa. Basi kwa ajili yangu akajitahidi. Akanyanyua midomo, akanionyesha meno yote, kama yuko kwa daktari. Nikapiga na ile kubwa. Picha ilitoka safi, kila kunyanzi mahali pake, na mama hakuwemo.

Hapo nikashindwa kujikaza. Nikamwambia anisamehe, nilimfokea mbele za watu, na mtu hamfokei mama yake kwa sababu ya kucheka. Alishangaa. Alisema hakuwa na kinyongo hata chembe.

"Nilikuwa nakuharibia kazi, mwanangu. Kila ukininyooshea hicho kidude naomba moyoni, nisimharibie mwanangu kazi yake."

Miaka yote ile nilidhani ni woga. Nikakaa chini sakafuni nikalia, na yeye akaniacha nilie, kisha akaniambia inatosha, kesho ana safari, nisimtie mkosi. Akasema hata yeye hana picha yangu, ana ile ya kitambulisho niliyomtolea nakala, nayo haipendi, inamtisha. Nimpe hiyo ndogo, hiyo kubwa itamvunja mkono.

Nikaiweka ile kubwa kitandani, nikamwonyesha kitufe cha ndogo. Aliishika juu chini, nikaigeuza. Aliziba lenzi kwa kidole, nikakiondoa kidole. Kisha nikaenda kukaa kwenye kigoda mbele yake, na mwili wangu, bila hata kuniuliza, ukajinyoosha. Nikarudisha nywele nyuma masikio yaonekane. Nikafunga mdomo.

Mama akabonyeza. Akatazama kile kioo, akanitazama mimi, akatazama kioo tena.

"Na wewe unakwenda ofisi gani?"

Akacheka. Alicheka kile kicheko chenyewe, kichwa kikamlalia kushoto, mkono mmoja kifuani na mwingine bado umeishika kamera, mwanya wote nje, machozi yakimtoka. Ile kamera kubwa, isiyokosa hata kope, ilikuwa kitandani hatua tatu kutoka kwangu. Nilijua iko wapi. Sikuinuka. Sikutaka kuyatoa macho yangu pale hata kwa hizo hatua tatu, na mimi nami nikaanza kucheka.

Ndipo ile ndogo, iliyokuwa inafikiri muda wote huo, ikapiga.

Mama aliondoka asubuhi yake. Niliwahi kuichapisha ile picha mapema kabla tajiri hajafika studio, nakala mbili, moja nikamtilia kwenye mkoba wake. Jumatatu nilirudisha ile kubwa. Bwana Lenzi alinisihi nifikiri tena, akanikumbusha kwamba hii niliyoichagua inachelewa. Nikamwambia najua, na anirudishie kitambulisho changu.

Nakala yangu iko kazini, nimeibandika kwenye stendi, upande wangu, wateja hawaioni. Imekaa mshazari na nusu yake ni mlango. Kwenye kigoda kuna mwanamke anacheka, kichwa kimemlalia kushoto, kiganja kifuani. Sikuwahi kujua kuwa nacheka hivyo. Hakuna mtu aliyewahi kunipiga nikicheka.

Mama hakurudi. Alikaa kwa kaka miaka miwili na miezi, akazikwa huko. Picha yake akicheka sina mpaka leo. Ninayo ya mtu anayemtazama mama akicheka, na nikimkumbuka sana naitazama hiyo, kwa sababu najua nilikuwa naona nini.