Jiwe Lililokuwa Chini ya Mto

Nyuma ya shamba letu kuna mgodi mdogo ulioachwa, uliochimbwa ubavuni mwa kilima. Baba alitafuta dhahabu humo miaka ishirini bila kuipata. Alipokufa, mwaka 1994, Mama alibaki na jiwe jeusi ambalo Baba alikuwa amelivunja humo. Lilikuwa na alama ya nyundo yake, kwa hivyo Mama akawa analala nalo chini ya mto.

Mwaka uliofuata alikuja mwanajiolojia, Chelimo, akiwa na mashine ya kupima madini ya urani. Alipofika mlangoni pa chumba cha Mama, mashine ililia kama mvua kwenye mabati.

“Mama, usilale na jiwe hili. Lina urani, linatoa miale ya hatari.”

“Wewe una bwana?”

“Bado, Mama.”

“Ndiyo maana unasema hivyo.” Chelimo akacheka, lakini mkono wa Mama haukuondoka kwenye jiwe. “Basi litanyamaza lini?”

“Limelia tangu miamba hii ilipopoa, miaka zaidi ya bilioni mbili. Hata nusu ya urani yake bado haijaisha.”

Mama akalifunga jiwe kwenye leso, tukampeleka mgodini. Chelimo alielekeza mashine ndani, na ukuta mzima wa mwamba ukalia.

“Na mzee alikuwa akiyapiga mawe haya kwa nyundo tu!” Mama akanong’ona.

Akavua ndala, akaingia hatua tatu, akalirudisha jiwe mwambani.